Futikamba ya Ushetu na Mabango ya Mlimani

Alikuja na futikamba ya fundi cherehani, daftari gumu la kaunta na chupa ya maji iliyokwisha njiani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya nne tangu bani letu la kukaushia tumbaku liwashwe moto. Wanaolima tumbaku ya mvuke hapa Ushetu wanaijua siku ya nne: majani yameshageuka njano, joto linapandishwa hatua kwa hatua, na mtu wa moto hathubutu kulala, kwa sababu kosa la saa moja linashusha daraja kazi ya miezi mingi. Macho ya mzee wetu yalikuwa mekundu kwa moshi. Msichana akapiga goti kidogo, akasema, "Mwangaluka, baba," kwa Kisukuma alichofundishwa na kijana wa bodaboda aliyemleta. Mzee akafurahi, akaagiza kigoda.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kazi yake ilikuwa kuni. Aliomba rundo letu lipangwe vizuri, mti juu ya mti, akapima urefu, upana na kimo, akaandika. Jioni akapima tena. Kilichopungua ndicho kilichoingia tanurini. Alifanya hivyo kila siku mpaka bani likazimwa, akilala kwa mwalimu wa shule ya msingi na kushinda kwetu, mchana akila nasi matobolwa na karanga. Alitaka kujua kilo moja ya tumbaku kavu inakula kuni kiasi gani, za miti gani, na zimefuatwa umbali gani. Siku ya kuaga mzee akamuuliza: "Sasa mwanangu, hesabu ikikamilika, na sisi tutaambiwa?" Akajibu bila kusita: "Lazima, baba. Nitarudi."

Hakurudi. Chuo chake sikitaji, maana hili si la chuo kimoja, na yeye mwenyewe simlaumu. Nauli ya kuja mara ya kwanza aliipata kwa shida, ya mara ya pili angeitoa wapi? Lakini nimekuwa nikiwaza zile hesabu zilikwenda wapi. Tasnifu ya mwanafunzi ina njia yake: nakala moja maktaba, nyingine kwa msimamizi, na ikiwa na bahati, muhtasari wake unapanda kwenye bango la maonesho ya chuo, watu wanaipita, wengine wanasimama. Naamini rundo letu la kuni liliwahi kusimama hivyo mahali fulani, limegeuzwa kuwa mchoro wa nguzo za rangi, mbele ya watu ambao hawajawahi kuchochea bani hata usiku mmoja.

Maonesho hayo nayapenda, na nisieleweke vibaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina Wiki yake ya Utafiti na Ubunifu, inayofanyika kila mwaka karibu na Mei na Juni. Huanzia chini, kwenye ndaki, shule kuu na taasisi, ambako kazi huchujwa, kisha zilizofuzu hupelekwa kwenye kilele cha chuo kizima, majaji wakapita, zawadi zikatolewa, mgeni rasmi akahutubia. Wanafunzi husimama pembeni ya mabango yao wamepiga pasi, wakisubiri mtu aulize. Hapo ndipo penye thamani yote. Mwanafunzi aliyezoea kujibu mitihani anajikuta anaulizwa na mtu ambaye hajui jibu. Huwezi kukariri swali la namna hiyo. Inabidi uwe umeielewa kazi yako mpaka kwenye mizizi, na pale usipojua useme sijui.

Nchi hii ina mfano wa swali la mwanafunzi ambao dunia nzima inaujua kuliko sisi wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na kila mmoja anaigombea. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akayaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alibaki na swali lake. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, na huko nako akachekwa. Ikawa kosa lake lolote darasani linaitwa la Mpemba.

Siku moja mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza lile lile swali mbele ya wote, wenzake wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne mwenyewe hakuliamini. Lakini aliporudi Dar es Salaam akalipeleka maabara, akaagiza lijaribiwe, na maji ya moto yakaganda kwanza. Mwaka 1969 wawili hao, mhadhiri na kijana ambaye wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, walichapisha makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia nchini Uingereza. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu yake, na wengine wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kila mara, lakini jina wanalolitumia wote ni la Mpemba.

Kila nikiisimulia habari hii huwa nasimama kwa Osborne. Mpemba alikuwa na swali, na maswali hatujawahi kuyakosa. Kilichokosekana kwa miaka ile yote ni mtu wa chuo aliyesafiri mpaka alipo mwenye swali, akalisikiliza, akarudi nalo, kisha akaleta jibu lenye jina la aliyeuliza. Safari ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Mwaka huo huo wa 1969, chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye utafiti wa walimu wao, na mipango ya aina hiyo, pamoja na siku za kuonesha kazi, ikaenea vyuo vingi. Ila mimi huvutiwa zaidi na walichofanya Waholanzi. Miaka ya 1970 vyuo vikuu vya Uholanzi vilifungua kile walichokiita duka la sayansi. Chama cha wapangaji, kikundi cha wakazi wanaolalamikia moshi wa kiwanda, chama cha wafanyakazi, wote waliweza kuingia na swali, na mwanafunzi akalichukua likawa utafiti wake wa masomo. Majibu yalirudi kwa mwenye swali, kwa lugha yake, naye hakudaiwa hela asiyokuwa nayo. Ukiniuliza, bani letu lilistahili duka la namna hiyo.

Ushetu, mkoani Shinyanga, ni halmashauri changa, iliyozaliwa mwaka 2012 Wilaya ya Kahama ilipogawanywa ikatoa Mji wa Kahama, Msalala na Ushetu. Makao makuu yetu ni Nyamilangano. Ni nchi ya tumbaku, mahindi, mpunga na pamba, yenye misitu ya miombo inayopungua mbele ya macho yetu, katikati ya Tabora ya tumbaku na Geita ya dhahabu. Kwa mtafiti ni shamba lililoiva. Mwanafunzi wa misitu anazikuta kuni za mabani. Wa ushirika anavikuta vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), madeni ya pembejeo na malipo ya wakulima. Wa sosholojia anawakuta vijana wanaoacha jembe wakikimbilia maduara kila wanaposikia dhahabu imetoka mahali. Wa kemia akisogea kidogo tu kuelekea Geita anaikuta mialo, ambako mchanga uliosagwa kwenye karasha unaoshwa, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, kisha zebaki inachomwa kwenye moto wa wazi na moshi wake unaingia mapafuni mwa anayechoma na mwa mtoto aliyesimama karibu. Dunia ilianza kulijua vizuri janga la sumu hiyo mwaka 1956 katika mji wa Minamata, Japani, na Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2020. Mtu wa mwaloni anahitaji aoneshwe kifaa kinachonasa ule mvuke, akishike, aone kwamba zebaki yake inarudi kwenye chupa badala ya kupotea hewani. Bango lililo Dar es Salaam, kama kilomita 1,000 kutoka alipo, halimwoneshi kitu.

Wapo watakaosema kuna Nane Nane. Ni kweli, lakini Shinyanga tunakwenda Nyakabindi, Bariadi, na mkulima wa Ulowa au Igunda hafiki huko kirahisi. Geita wao wamepiga hatua. Tangu mwaka 2018 wana maonesho yao ya teknolojia ya madini ya kila mwaka, pale Bombambili, na mchimbaji mdogo anaweza kumkabili mtaalamu uso kwa uso kwa nauli ya bodaboda. Hilo linanitosha kujua kwamba kuleta maonesho karibu na wenye kazi kunawezekana.

Na sisi wa Shinyanga tuna kubwa zaidi la kujivunia. Wazee wanakumbuka nchi hii ilivyokuwa kipara. Tangu enzi za wakoloni vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikaja pamba, ng'ombe wakaongezeka, vijiji vikahamishwa miaka ya 1970 na watu wakaacha nyuma ngitili zao, yale malisho ambayo Wasukuma waliyafunga wakati wa mvua ili yawafae wakati wa kiangazi. Watu walianza kupikia samadi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wangeweza kung'ang'ania vitalu vya miche na amri. Badala yake, walipowauliza wenyeji, waliambiwa kuhusu ngitili, nao wakawa na busara ya kuamini kwamba wafugaji hawa walikuwa na sayansi yao. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizohesabika hazikuzidi sana hekta 600 mkoa mzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Mwaka 2005 timu iliyoongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ilichapisha tathmini ya faida zake kwa kaya: kuni, malisho, dawa, asali, mbao, maji.

Nasisitiza jambo moja katika habari hiyo, kwa sababu mara nyingi linapitwa. Kanuni za kuzilinda ngitili zilipata nguvu kwenye dagashida, baraza la wazi la Kisukuma ambako kila mtu anasikia na kila mtu anasema, na ulinzi wake ukabebwa na sungusungu. Utafiti ulipata mahali pa kusimama mbele ya watu. Mzee aliyepinga alipinga hadharani akajibiwa hadharani. Kwa maana hiyo maonesho ya utafiti tumeyajua siku nyingi, na sisi ndio tuliokuwa majaji.

Sanaa nayo iliwahi kutufikia. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, Kwimba. Wangeweza kubeba mchezo uliokwisha kuandikwa na kuwaonesha wanakijiji. Waliamua kukaa, wakawasikiliza watu wa Malya wakitaja yanayowasumbua, likiwemo la wasichana wa shule kupata mimba, kisha wenyeji wakayacheza wenyewe kwa ngoma na michezo wanayoijua, na baada ya mchezo uwanja ukawa wa mjadala. Mlama ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa na maendeleo. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado naona ule ndio mfano bora wa kazi ya chuo kuoneshwa kwetu: watazamaji ndio waliokuwa na habari, wasomi wakaleta ufundi wa kuisimulia.

Kuna suala la lugha, na hapa nasema kwa uchungu. Mabango mengi ya vyuo vyetu yameandikwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia, na msimamizi anataka hivyo, na jarida linataka hivyo. Msichana wa futikamba alimhoji mzee kwa Kiswahili, mzee akajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, kisha majibu yote yakavushwa kwenda lugha ambayo mwenye kuyatoa hawezi kuyasoma. Maneno ya mzee wetu yamehifadhiwa vizuri mahali ambapo yeye hawezi kuyatambua. Na haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakiwezi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyoundwa pale pale Mlimani mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI na Idara ya Kiswahili, inatoa tasnifu za Kiswahili mpaka ngazi ya uzamivu. Simtaki mwanafunzi wa misitu aandike tasnifu nzima upya. Kurasa mbili zinatosha: nilikuja kuuliza nini, nilikuta nini, mnaweza kufanya nini.

Fedha? Utafiti wa wanafunzi wengi umegharimiwa na umma. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina fungu la mafunzo kwa vitendo na fungu la utafiti, na sehemu kubwa ya fedha hizo inatoka kwenye kodi, pamoja na ya mkulima wa tumbaku wa Ushetu. Mkulima huyo alimlisha mtafiti, akampa saa zake, akajibu maswali kuhusu mapato yake ambayo hata ndugu zake hawajawahi kumuuliza. Amelipa mara mbili, hivyo kurudishiwa majibu ni haki yake, si fadhila ya mtu. Na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka ule ule ilipoanza HASHI, 1986, imepewa jukumu la kuratibu utafiti wa nchi hii. Sioni kigumu kinachozuia kila kibali na kila barua ya utambulisho inayofika kwa mkurugenzi wa halmashauri kubeba sharti moja: matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili.

Halmashauri yetu nayo isikae ikisubiri. Barua za wanafunzi zinapita mezani pake kila mwaka, kwa hiyo inajua nani amekuja, kijiji gani, kuuliza nini. Iwaite. Ianze na walio karibu: Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi lake Kizumbi, hapa hapa Shinyanga, na ushirika ndio uti wa mgongo wa tumbaku yetu; na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Mwanza. Siku moja tu kwa mwaka, Nyamilangano, mvua zikiwa zimekwisha, barabara zinapitika na wakulima wameshauza. Tena iwe siku ya mnada, maana siku hiyo watu wapo tayari, hawahitaji kuitwa na gari la matangazo. Mabango yatundikwe kwenye kamba chini ya miembe. Anayepima kuni awashe tanuri dogo watu waone. Wanafunzi wa sanaa watafute uwanja. Mwenye matokeo ya kusikitisha aje nayo pia, kwa sababu kujua kwamba mbinu fulani haikufaa kunamwokolea mtu msimu mzima.

Na majaji wawe wakulima. Hapo nina uhakika wanafunzi watatetemeka kuliko walivyotetemeka Mlimani. Mwanamke aliyekausha tumbaku miaka 20 atauliza swali ambalo profesa hakuliwaza: kuni zilipimwa mbichi au kavu? Bani lilikuwa limejaa au nusu? Upepo ulitoka wapi? Mwanafunzi atakayeyajibu hayo, ama atakayesema sijui akaandika swali daftarini aondoke nalo, huyo atakuwa amefuzu machoni petu.

Wanafunzi mnaojiandaa kuja msimu huu, karibuni Ushetu, matobolwa yapo. Njooni na bahasha moja yenye anwani ya ofisi ya mtendaji wa kijiji mliyoiandika wenyewe kabla ya kuondoka, ili siku ya kumaliza msipate sababu.

Na wewe dada wa futikamba, kama makala hii itakufikia: bani lile tulishalibomoa, tukajenga jingine, lakini mzee yupo na anakukumbuka. Bado anataka kujua ni kuni kiasi gani. Andika kurasa zako mbili. Nitamsomea.